Bibi Harusi Afungua Boneti

Shangazi yangu ni fundi wa viyoyozi vya magari, na ni mkaidi wa kupindukia. Miaka yote watu walimwambia hataolewa kwa kunuka oili. Basi mteja mmoja akaleta gari lisilopoza, likatengenezwa. Wiki iliyofuata akalirudisha likiwa zima kabisa, na wiki nyingine tena, mpaka gereji nzima ikajua kinachougua si gari. Siku ya harusi, mteja yuleyule alikuwa ukumbini ndani ya suti, akimsubiri.

Mimi nilikuwa kwenye usukani. Shangazi alikaa kando yangu, gauni jeupe limefurika hadi kwenye gia. Nyuma, mama yangu alikumbatia keki ya krimu ya ghorofa tatu aliyoioka mwenyewe, imepambwa maua ya sukari membamba kama karatasi. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuifikisha ikiwa imesimama.

Mvua ilikuwa imekatika, jua linachoma, hewa nzito. Katikati ya barabara kuu ubaridi wa kiyoyozi ukapungua, ukapungua, ukaisha.

"Krimu inatoka jasho!" mama akapiga kelele. "Mungu wangu, ghorofa ya juu inateleza!"

"Egesha," shangazi akasema.

Niliegesha. Yeye macho yalimng'aa kama mtoto aliyeonyeshwa peremende. Alikusanya gauni, akalipiga fundo kiunoni, akafungua boneti injini ikinguruma. Madereva walipita wakipiga honi. Mmoja nusura atoke dirishani kwa kushangaa. Shangazi akasikiliza kompresa, pampu ya kiyoyozi: inazunguka. Akagusa bomba nene, mkono ukarudi mbio.

"Limeota barafu! Gesi ipo, tena tele."

Akarudi ndani, akaweka kiganja kwenye matundu ya dashibodi. Feni inasikika, upepo hautoki. Akanigeukia. "Umeweka upepo namba ngapi?"

"Moja. Na baridi mpaka mwisho. Mama kasema."

"Upepo mkali ungeng'oa maua yangu!" mama akajitetea.

Shangazi akacheka hadi shela ikamteleza. "Wifi, mmekigandisha kiyoyozi! Unyevu wote huu, baridi ya mwisho, upepo wa kubembeleza! Humo ndani kuna bonge la barafu, hewa itapita wapi?"

Akazima kitufe cha baridi, akapandisha feni mpaka mwisho.

"Keki inayeyuka, nawe unazima baridi?"

"Wifi, niamini."

Mama alishikilia ghorofa ya juu kwa viganja vyote viwili, akisali kwa sauti. Nilitamani kulia. Kisha maji yakaanza kudondoka chini ya gari, matone, halafu mchirizi, na ghafla upepo ukafumuka! Shangazi akabonyeza kitufe, baridi ikajaa gari zima. Tulishangilia kama wendawazimu.

Keki ilisimama wima. Maua ndiyo yaling'oka moja moja, yakatua mapajani mwa mama, kazi yake ya usiku kucha.

Shangazi akageuka nyuma, akayaona. "Nisamehe, wifi. Maua yako."

Mama akamtazama: fundo kiunoni, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Akaokota ua moja.

"Hujala tangu asubuhi wewe. Fumbua mdomo."

Akamlisha moja, la pili, la tatu, hadi machozi yakamtoka bibi harusi huku akitafuna.

"Maua nitatengeneza mengine," mama akasema, akimfuta shavu kwa kanga yake. "Wifi kama wewe ningemtoa wapi? Haya, dereva, ondoa gari. Mtoto wa watu anasubiri."