Siku Dada Yake Bibi Alipopiga Simu

Nilipokuwa mfanyakazi wa ndani Jeddah, bosi wangu alikuwa Muighur, kabila la Waislamu wa magharibi mwa Uchina, mwenye mkahawa wa mantu, vifurushi vya unga vyenye nyama, mtaa wa Sharafiya. Tuliishi ghorofani mtaa wa Kandara: yeye, madam, mimi, na mama yake bosi, ambaye nilimwita Bibi. Bibi alikuja kuhiji zamani akabaki kwa mwanawe. Pasi yake ya Uchina ilipoisha muda, aliambiwa arudi kwao ndipo apate nyingine, na kurudi hakuthubutu. Huko aliacha dada mmoja. Waighur wengi walipoanza kukamatwa na kufungiwa kambini, simu za dada zilikatika ghafla, na kwa miaka hakuna aliyejua kama yu hai.

Mtoto wa huyo dada alikuwa Istanbul. Yeye na wenzake, waliotapakaa Uturuki, Ujerumani hadi Marekani, walikusanya video za watu waliopotelewa na ndugu. Unakaa na picha ya ndugu yako, unataja jina lake na mara ya mwisho mlipoongea, nao wanaisambaza hadi iwafikie wabunge na waandishi wa habari. Alimwomba Bibi ajirekodi. Bosi alikataa.

"Hapa si Istanbul," alimwambia mama yake. "Serikali ya hapa ikikutambua itakurudisha Uchina. Halas, basi."

Sikumlaumu. Ikama yangu mwenyewe, kibali cha kuishi kule, ilikuwa mikononi mwake, kwa hiyo najua mtu anavyoishi akipima kila neno.

Asubuhi moja bosi akiwa kazini, Bibi alinijia jikoni na simu yake. Mimi naye tuliongea Kiarabu cha kuungaunga.

"Nishikie simu, nijirekodi."

"Bosi akijua, Bibi?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Nikamrekodi. Na kweli, hakuituma kwanza. Jioni alimwekea bosi ile video mezani. Bosi aliitazama hadi mwisho, chakula kikapoa. Nilingoja anifokee. Badala yake aliinuka, akaitoa ukutani kalenda ya mkahawa wake iliyoonekana nyuma ya Bibi kwenye video, kisha akaniambia, "Rekodi upya. Uso usionekane. Mikono na picha tu."

Tulirekodi upya, ikatumwa Istanbul, na majuma yakapita. Ijumaa moja mchana, sote tukiwa nyumbani, simu ya Bibi ililia kwa namba ya Uchina. Ilikuwa ya video, nikamshikia. Dada yake alikuwa ameketi mbele ya ukuta mweupe, amekonda, nywele zimekatwa. Alisema Kichina haraka haraka, kama anayesoma. Bosi, aliyejibanza pembeni asionekane, ndiye aliyetueleza baadaye: alisema yu mzima, ana kazi, na video ile ifutwe.

Bibi alimwacha amalize, kisha akamuuliza kwa Kiuighur, "Umekula?" Neno hilo nililijua kwa sababu aliniuliza mimi kila siku.

Dada akatazama upande, kama kuna mtu pale. "Nimekula," akajibu kwa lugha yao, na simu ikakatika.

Bibi aliendelea kukitazama kioo kilichozimika.

"Tuifute?" bosi akamuuliza.

"Isifutwe. Wakubwa wa kule walipoiona ndipo walipomleta kwenye simu. Tukiifuta, nani atawauliza tena?"

Bosi, akihofu Bibi angetafutwa pale, aliona heri akae kwanza Riyadh, kwa bintiye Bibi, na mimi nikafuatana naye. Kule, baada ya alasiri, wanawake wa Kiuighur walikuja kunywa chai. Mwanzoni waliuliza tu kuhusu huyo dada: anaonekanaje, sauti yake vipi. Siku moja mmoja wao alitoa mkobani picha ya mwanawe aliyepotea. Bibi akanionyesha kwa kidole, "Huyu anajua kurekodi."

Nilimkalisha karibu na dirisha penye mwanga, nikamwambia aanze akiwa tayari. Akaiinua picha, akataja jina la mwanawe.

Hadi mkataba wangu unaisha na mimi kurudi kwetu Voi, dada yake Bibi hakuwa amepiga tena. Bibi bado yuko Riyadh. Siku za Ijumaa hunitumia ujumbe wa sauti, akinieleza nani amepata simu kutoka kwao na nani bado anangoja.