Mashini Ilikuwa Yangu

Watu wanaponiambia baba yangu alikuwa mtu wa akili, moyoni nachemka. Akili yake ndiyo iliyotumaliza.

Alifanya kazi ya kuyeyusha shaba hapa Lubumbashi, wakati ule Wazungu wakiuita mji Elisabethville, na aliona wenzake wengi wakifa. Aliona pia yaliyofuata. Kabla kilio hakijaisha, ndugu za marehemu wanaingia nyumbani na kuondoka na kila kitu, hata sufuria yenye bukari, ule ugali wetu, ndani yake. Kwa hiyo siku aliponunua mashini ya kushona, ile ya mkono yenye sanduku lake la mbao, aliiweka barazani, akaita majirani, akanishika bega. Nilikuwa na miaka tisa.

"Bote munasikia?" alisema. "Hii mashini haiko yangu, haiko ya bibi yangu. Ni ya huyu mutoto."

Majirani wakapiga makofi. Aliamini amewafungia ndugu zake mlango. Kuanzia siku ile mama alishonea watu magauni, na mimi nilizungusha gurudumu huku nikijiona bosi wake, ingawa kila aliponiachia nishone kidogo alisema navuta uzi sana.

Baba alikufa kwa homa ya siku nne. Mdogo wake, ndiye baba mudogo wangu, alifika na gari moshi kutoka Kambove akilia kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Akalia, akala, akalia tena, kisha akaanza kubeba. Kitanda. Baiskeli. Koti la baba, tena alilivaa palepale, na jua lile! Alipoigusa mashini, mama alikwenda kuketi juu ya sanduku lake na kukunja mikono.

"Hii hapana," alisema. "Hii ni ya mutoto. Bantu bote banajua."

Kampuni ya shaba ilikwisha kutuambia tutoke katika nyumba yake. Bila mashini ile mama hakuwa na njia nyingine ya kunilisha mjini, na baba mudogo alilijua hilo vizuri sana. Akamshtaki mama kwenye tribinali ya cité, ile mahakama ya watu weusi.

Pale hapakuwa na avoka wa kumtetea mtu. Kila mtu alisimama akajisemea kwa kinywa chake, na mama alifurahi, maana maneno alikuwa nayo. Wiki nzima aliyapanga huku akiosha vyombo. Siku yenyewe alivaa kikwembe chake cha misa, akaja na majirani wawili wa kutoa ushahidi.

Waamuzi walikuwa watatu, wazee wetu wenye makoti, na karani wa kuandika. Juji mkubwa alikaa katikati akitafuna karanga.

"Mama, hii mashini iko ya nani?"

Mama alijinyoosha. "Ya mutoto wangu, Bwana Juji. Baba yake alimupatiaka mbele ya bantu. Bashahidi beko hapa."

"Haiko yako?"

"Hapana."

"Kabisa kabisa?"

"Miye sisemake bongo."

Na kweli hakusema uongo. Mama yangu alikuwa mtu wa kwenda kuungama kwa padri kwa sababu tu alitamani viatu vya jirani.

Juji akameza karanga zake. "Basi weye hauna na neno hapa. Kila muntu anasemea kintu yake. Mashini ni ya mutoto. Nani njo anasemea mutoto?"

"Miye! Mama yake!"

"Kwenu bantu ba kaskazini, mutoto ni wa upande wa baba. Nani iko hapa wa upande wa baba?"

Nani tena? Baba mudogo akasimama, ndani ya koti la baba, anatabasamu. Tabasamu lile nalitunza hadi leo, silisamehe. Mama akafungua kinywa, juji akainua kidole.

"Nyamaza. Yako ulishamaliza kusema."

Maneno ya wiki nzima, akayameza yote. Wale mashahidi wawili hawakuulizwa hata jina. Mimi mwenye mali ndiyo kabisa, hakuna aliyenitazama.

"Mashini inaenda na mwenyewe," akasema juji. "Na mwenyewe anaenda kwa bantu ya baba yake."

Hapo tabasamu likakatika. Hakuja kwa ajili yangu yule. "Lakini Bwana Juji, nyumba yangu iko kadogo..."

"Basi acha na mashini."

Watu wakacheka. Baba mudogo akaitazama mashini. Akanitazama mimi, tangu kichwani hadi miguuni. Akaitazama mashini tena.

"Bon," akasema. "Nitamubeba."

Ndipo mama akapiga kelele. "Ni yangu! Ile mashini ni yangu! Nilisema bongo!"

Aka! Uongo wa kwanza wa maisha yake, na alichelewa nao dakika tano. Siku ile nilimchukia mama kuliko nilivyomchukia baba mudogo, nalisema wazi. Si angeusema mwanzoni! Neno moja tu! Karani hakuinua hata macho, alikwisha kuandika. Polisi akamshika mama mkono na kumtoa nje kwa kosa la kuleta fujo.

Mashini yangu niliibeba mwenyewe kichwani hadi stesheni. Mama alitufuata mpaka mlangoni, na kwa kuwa hakuwa na tikiti, hakuruhusiwa kuingia.

Huko Kambove baba mudogo aliiuza juma lile lile. Mimi sikupata mnunuzi, nikabaki kumchotea mkewe maji miaka minane.

Nilipompata mama alikuwa Kipushi, macho yamekufa, anamenya karanga za watu kwa kupapasa. Alinigusa uso, akanigusa vidole kimoja kimoja, kisha akauliza, "Mashini ya baba yako, ingali inashona?"

Mimi sikufanana na mama. Uongo nausema kwa wakati wake.

"Inashona, mama. Hii nguo nilivaa, niliishonaka nayo."

Akaishika ile nguo, ambayo nilipewa kuukuu na mke wa baba mudogo. Akapapasa mshono polepole kutoka begani hadi chini, kisha akaniambia bado navuta uzi sana.