Shingo ya Kinyozi

Hivi kwa nini tukisikia mtu anaumwa ini, swali letu la kwanza ni pombe? Nani alitupatia kiti cha hakimu?

Mjomba wangu ni kinyozi. Pombe hajawahi kuionja. Lakini macho yake yalipogeuka manjano na tumbo likajaa maji, wateja walimkata maini kwa mzaha.

"Kinyozi, mimba hiyo ya nani?"

"Anakunywa hadi spiriti ya kufutia wembe huyo!"

Alicheka nao, kisha akaanza kuvaa koti pana kwenye joto kali, akinyoa huku kainamisha kichwa kama mwizi aliyekamatwa.

Hospitalini, vipimo vya damu havikutoa jibu. Daktari, mwanamama mcheshi, akataka kipande kidogo cha ini.

"Nikichoma sindano ubavuni, kwa maji haya na damu yako isiyoganda upesi, unaweza kuvuja ndani. Nitapitia mshipa wa shingo hadi kwenye ini. Hapo damu ikivuja, kwa kawaida inarudi humohumo mshipani. Hatari zipo, ila ni chache. Bila kipande hicho natibu kwa kubahatisha. Huenda mwili wako wenyewe unalishambulia ini, na hilo lina dawa."

Mjomba alikubali. Lakini sindano ya ganzi ilipomgusa shingoni, aliruka kitandani akatoka mbio hadi kwenye korido iliyojaa watu, gauni la hospitali likiwa wazi mgongoni. Nilivua shati nikamfunika.

Nyumbani aliketi akiutazama ukuta.

"Mjomba," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana, "kila siku nawashika watu shingo na wembe mkononi. Leo yangu imeguswa tu, nimekimbia."

"Kuogopa si kosa, mjomba."

"Kuogopa, sawa. Lakini wameniona makalio!"

Mkewe alijikaza asicheke, akashindwa. "Basi wameshaona, baba. Kesho huna cha kuficha."

Mjomba hakucheka. Alijifunika shuka hadi kichwani.

Asubuhi iliyofuata alipita korido ileile, macho chini, akajilaza mwenyewe. Nilisimama mlangoni.

"Tuendelee?" daktari akauliza.

"Endelea, mama. Ila mtu anishike. Sijiamini."

Muuguzi akamshika mabega. Baadaye daktari akainua kichupa kwenye mwanga. Ndani kilielea kipande chembamba kama uzi.

"Kinatosha," akasema.