Masizi Kwenye Mwamba wa Goli

Ng'ombe akikanyaga nyasi za uwanja wa mpira wa Mbale, Muzamiru alimtukana ng'ombe, mwenye ng'ombe na hata aliyemuuza. Alizaliwa Jinja, akaja Mbale akiwa kijana kutunza uwanja wa ligi kuu ya wanaume ya mji, timu nane tu lakini zenye kelele za timu themanini. Kila Jumamosi alichora mistari kwa majivu, kisha akaipapasa milingoti ya goli, mbao za mvule, kuhakikisha haijaliwa na mchwa.

Vita vya mwaka 1979 vilipofika, askari waliokuwa wanakimbia walipiga kambi uwanjani. Walichoma mabenchi, wakachoma ua, wakachoma mpaka mlango wa choo. Mabati ya jukwaa nayo yalitoweka wiki hiyohiyo, ila hayo hayakuchukuliwa na askari, na mji mzima ulijua yalikokwenda. Siku Muzamiru alipomwona askari mmoja akigongagonga mlingoti kwa panga, damu ilimchemka. Akangoja wote waende kutafuta pombe, akamwita mkewe Mariat, wakaing'oa milingoti minne na miamba miwili ya juu, wakaibeba mabegani, mmoja baada ya mwingine, hadi nyumbani kwao mtaa wa Wanale.

Ili asiulizwe, aliitumia kujenga jiko la nje. Milingoti ikawa nguzo, miamba ikabeba paa. Jiko lilihitaji futi kumi na mbili, na mwamba una futi ishirini na nne. Muzamiru alikataa katakata kuukata. Ncha zilichomoza nyuma ya jiko kama pembe, majirani wakacheka mpaka wakachoka, Mariat akaanika nguo juu yake.

Baada ya miaka minne ligi ikafufuliwa, mwenyekiti wake akiwa mfanyabiashara mmoja aitwaye Alfayo. Muzamiru alikwenda mbio, amejaa furaha, kumwambia magoli yote mawili yapo, mazima. Shukrani aliyopata ni Alfayo kufika Wanale na polisi wawili.

"Mutu ya Jinja," Alfayo alisema mbele ya majirani, "mali ya mupira iko kwa jiko yako. Hii si wizi?"

"Bwana, mimi mwenyewe ndio nilikuambia! Na kama mimi mwizi, kwa nini sikukata? Pima! Hata inchi moja sikukata!"

Hawakupima. Walibomoa jiko, wakamfukuza kazi, wakampiga marufuku kukanyaga uwanja. Sokoni watu wakaanza kumwita mwizi wa goli. Muzamiru, ambaye hakuwahi kuchukua hata kamba ya wavu, alikosa usingizi kwa hasira.

Siku ya ufunguzi mvua ilinyesha. Muzamiru na Mariat walisimama nje ya kamba iliyozungushiwa uwanja. Milingoti ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, mkono mmoja tu, rangi ya wabahili. Dakika ya ishirini, mshambuliaji wa timu ya Namakwekwe aliachia shuti, mpira ukagonga mwamba, paa! Rangi ikabanduka. Kipa akaudaka mpira, na alipouinua, fulana yake nyeupe ilikuwa nyeusi tii kifuani.

"Nini hiyo?" watu wakapigiana kelele.

"Masizi ya jiko yangu!" Mariat alipaza sauti. "Miaka nne nimepika chini yake! Askari wangechoma hiyo miti yote! Mwenye alificha goli yenu huyu hapa, mumemuweka nje kama mbwa!"

Waliokuwa wakimwita mwizi wakatazama chini. Alfayo alikuja haraka chini ya mwavuli wake, uso umelainika ghafla.

"Bwana Muzamiru, ingia. Kazi yako iko."

Muzamiru alimtazama, akalitazama jukwaa lisilo na paa, na mamia ya watu walioloa chapachapa juu yake.

"Goli imerudi," alisema, kwa sauti aliyozoea kuwatukania ng'ombe. "Sasa wewe, mabati iko wapi?"

Mabati yalikuwa yameezekwa kwenye ghala la Alfayo kule viwandani, yangali na rangi ya kijani ya jukwaa. Mtu mmoja jukwaani akaanza, "Mabati!" Akajibiwa na wa pili, kisha na jukwaa zima, mpaka refa akawa hasikii filimbi yake mwenyewe.

Kabla ya mapumziko uwanja ulikuwa mtupu. Wachezaji, kipa mwenye masizi kifuani na mashabiki wa timu zote mbili walikuwa barabarani kuelekea viwandani, na aliyetangulia mbele yao alikuwa Muzamiru.