Kiganja Kilichokandamiza Zeituni

Binamu yangu Behice alimpikia adui yake supu kwa miezi mitatu ili asife mapema. Wengi hapa Eskiliman walidhani ni huruma. Imamu alimsifu mbele ya wanawake wote. Mimi peke yangu nilijua sababu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimchumia mboga.

Sisi ni Wakrete. Babu zetu walishushwa kwenye rasi hii kutoka kisiwa cha Krete wakiwa na magodoro na mbuzi, wakapewa magofu, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeyataka. Walijenga kwa mawe yaliyokuwa yamelala tu. Kizingiti chetu kilikuwa na maandishi ya Kigiriki, na banda la kuku la kina Behice liliegemea nguzo ya hekalu. Watu wa vijiji vya mlimani walituita wala konokono, kwa sababu tunawala kweli, kwa vitunguu na mafuta ya zeituni, baada ya mvua ya kwanza. Leo watalii wanapanga foleni kuwala, wanapiga na picha. Zamani ilikuwa tusi la kumliza mtoto shuleni.

Baba yake Behice alikuwa mjomba wangu Rasih. Mwaka 1961 kiangazi kiliwahi, mwezi wa tano kisima chake kikakauka, akashuka kukichimba zaidi. Behice na mimi, wa miaka kumi na mmoja wote wawili, tulikuwa juu tukivuta ndoo za matope. Siku ya tatu akapaza sauti kutoka chini: "Leteni nyumbu na kamba!" Alipotoka mwanamke wa marumaru, sanamu ya kale yenye urefu wa mtu, matope yakimtiririka kwenye mikunjo ya nguo, mjomba alivua kofia kama vile amekutana na mke wa mtu. Miguu yake ilikuwa imekatika vifundoni, ikabaki kule chini kwenye kibao chake. Kiganja cha kulia kilikuja peke yake ndani ya ndoo. Tulikiosha sisi wasichana. Kilikuwa kimeshika konokono wa baharini, mkubwa, mwenye mizunguko mizuri. Tulicheka hadi tukakaa chini. Hata yeye alikuwa Mkrete! Tukakiweka dirishani kikauke.

Mjomba hakujua kusoma. Alikwenda mkahawani kwa Vehbi, mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa akiandika barua zote za serikali.

"Mwenyekiti, kisima changu kimezaa mwanamke."

"Mzuri?"

"Mzuri kuliko mkeo, tena hasemi."

Mkahawa mzima ulicheka, Vehbi naye akacheka. Akasema, "Umefanya la maana kuja kwangu, Rasih. Lakini lori la makumbusho halipiti kwenye kichochoro chako. Mlete shambani kwangu, karibu na barabara. Barua nitaandika mimi, wewe weka dole gumba tu." Mjomba akamburuta yule bibi kwa nyumbu hadi shambani kwa Vehbi, akaweka dole gumba, akarudi nyumbani akifurahi.

Baada ya wiki moja walikuja maofisa na kamera. Kijiji chote kilikusanyika. Ofisa akaisoma ile barua kwa sauti: mimi Vehbi nimemchimbua katika shamba langu, kwa mikono yangu, na shahidi wangu ni Rasih, hili hapa dole gumba lake.

Mjomba akaruka mbele. "Uongo! Ametoka kisimani kwangu! Mimi ndiye niliyemwona kwanza! Ameshika konokono kiganjani!"

Vehbi alijishika mbavu. "Jamani, mnamsikia? Mla konokono kaota konokono!"

Watu wakaangua kicheko. Ofisa hakucheka. "Kiganja hicho kiko wapi?" akauliza.

"Ndiyo, kiko wapi, Rasih?" Vehbi akasema, safari hii polepole. "Maana anayeficha kipande cha vitu vya kale anafungwa miaka saba. Si ndivyo, bwana ofisa?"

"Ndivyo."

Hapo Huriye, mke wa mjomba, akapasua katikati ya watu akamshika mumewe mkono. "Hakuna kiganja, bwana mkubwa," akasema. "Jua limempiga kichwani huko kisimani. Msamehe."

Mjomba alimtazama mkewe, kisha akatutazama sisi wasichana wawili tuliokuwa tumekiosha kile kiganja kwa mikono yetu. Nilinyamaza. Behice alinyamaza. Mjomba akaenda nyumbani, na tangu siku hiyo jina lake likawa Rasih Konokono. Watoto walimwimbia njiani, na wanaume wakimwona wanaulizana, "Leo kaota nini?" Hakukanyaga tena mkahawani. Alikufa miaka minane baadaye, na hata mazikoni niliwasikia wawili wakilitaja lile jina nyuma ya jeneza. Nawakumbuka wote wawili. Mmoja bado yu hai, na anajua ninavyomwangalia.

Kiganja Huriye alikitia kwenye pipa la zeituni. Huku kila nyumba huloweka zeituni zake katika maji ya chumvi, na juu yake huwekwa jiwe zito zisielee na kuoza. Jiwe hilo ni la mama, halafu la binti, na mgeni haligusi. Huriye alitoa jiwe la mama yake akaweka kile kiganja, konokono akitazama chini. "Askari atapekua hata godoro," alisema, "lakini hatatia mkono kwenye pipa la mwanamke." Kisha akamwapisha Behice kwa msahafu: muda wote mama yake atakapokuwa anapumua, kiganja hakitoki. "Nimempoteza baba yako kwa maneno yangu mwenyewe," akamwambia. "Sitakupoteza wewe gerezani. Nikishakufa, fanya utakavyo."

Kwa hiyo sote tulikula zeituni zilizokandamizwa na mkono wa yule bibi, miaka nenda rudi. Zilikuwa ngumu na tamu kuliko za mtu yeyote hapa. Hata Vehbi aliwahi kuomba bakuli.

Mji ukafunguka. Barabara ikaja, mabasi ya Wajerumani yakaja, baadaye ya Warusi, na ufuko tulikokuwa tukifungia mbuzi ukajaa miavuli. Wataalamu waliandika kwamba yule bibi bila shaka alishika komamanga, na Vehbi akakubali mara moja, naam, alikumbuka vipande vyake kwenye udongo. Akajenga hoteli, akaiita Bibi wa Komamanga. Kila kibanda kikauza vibibi vya plasta vyenye komamanga jekundu. Ndugu zake mjomba walikuwa wamekwishauza kiwanja cha ukoo, chenye kile kisima, kwa Vehbi huyo huyo. Nyumba ikabomolewa, kisima kikafunikwa kwa zege, na juu yake pakawekwa meza za mgahawa wa nje.

Hapo ndipo Behice alipokwenda kuomba kazi.

Nilimwambia ameingiwa na wazimu. Akanijibu, "Nataka nikae pale." Alikaa pale miaka ishirini na miwili, kilemba cheupe kichwani, akisukuma mikate myembamba mbele ya watalii na kuichoma kwenye chuma chake, makalio juu ya kisima cha baba yake. Kila asubuhi kiongozi wa watalii alisimama mbele yake na kundi jipya, akasimulia jinsi Mzee Vehbi alivyomchimbua bibi kwa mikono yake. Behice alikijua Kijerumani kwa hadithi hiyo moja tu. Alikuwa akiisikia hadi mwisho, kisha anauliza kwa tabasamu, "Na jibini au na mchicha?"

Kila siku aliomba dua mbili, nami nilikuwa nikizijua. Ya kwanza kwamba Mungu ampe mama yake umri. Ya pili kwamba ampe Vehbi umri kidogo zaidi.

Huriye alifariki Februari ya 2011, akiwa na miaka tisini na mitatu. Tulimlilia, kwa kweli tulimlilia. Siku ya tatu baada ya maziko ikaja habari kwamba Vehbi ana homa ya mapafu na hali chakula. Behice alivaa viatu palepale.

"Unakwenda wapi na msiba ndani?" nikamuuliza.

"Kumzuia asife. Mwezi wa tano wanasherehekea miaka hamsini ya yule bibi. Gavana anakuja, kamera zinakuja. Nataka awepo, na awe na akili zake. Nichumie shamari na mchunga, mwororo."

Nilichuma mboga kwenye magofu kila asubuhi, mgongo ukiniuma, nikifurahi. Yeye alizichemsha na mfupa wa kondoo, akazibeba hotelini. Tuncay, mtoto wa Vehbi mwenye hoteli sasa, alimfungulia mlango kwa heshima.

"Fadhila yako tutailipaje, dada Behice? Kwetu anatema kila kitu."

"Mtalipa, Tuncay. Usiwe na haraka." Kisha kwa mzee: "Fungua mdomo."

"Sina hamu, binti Rasih."

"Nani kakuuliza hamu? Meza."

Akameza. Siku moja nilikuwepo, akaanza kulia, machozi yakidondoka kwenye bakuli. "Watu wenu ni watu wema," akasema. "Zamani nilikuwa nikiwatania tu."

Behice alimfuta kidevu. Tulipofika njiani alisimama akacheka mpaka akashika ukuta. "Eti alikuwa akitutania! Nitamwongezea mafuta ya zeituni, afike hata Juni."

Mwezi wa tano Vehbi aliufikia, mashavu yamejaa. Sherehe ilikuwa makumbusho, katika uwanja wa bafu la kale, saa nne asubuhi, bibi katikati na kibandiko chenye jina la Vehbi miguuni pasipokuwa na miguu. Walimleta mzee kwa kiti cha magurudumu. Akapewa kipaza sauti, na sauti yake ilikuwa nzima, shukrani kwa supu.

"Nilimtoa kwa mikono hii miwili," akasema. "Nilichekecha udongo wote wa shamba langu. Komamanga lilikuwa limesagika. Laiti ningekiona kile kiganja, ningekufa nimeridhika."

Watu walipiga makofi. Behice akapita kati ya viti akiwa na ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Walinzi walimjua, ni mama wa mikate, wakampisha.

"Mzee Vehbi, nimekuletea zeituni."

"Sasa hivi, binti yangu?"

"Sasa hivi."

Akakunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko, akazamisha mkono ndani ya ndoo. Maji ya chumvi yakamwagika kwenye viatu vya gavana. Akakitoa kile kiganja na kukiinua juu ya kichwa chake, kimekuwa cheusi kahawia kwa miaka hamsini ya zeituni, na zeituni mbili zikiwa zimenasa kwenye mizunguko ya konokono.

"Rasih hakuota," akasema. Hakupaza sauti. "Kisima kiko chini ya meza zenu. Fukueni, mtaikuta miguu yake."

Tuncay alipiga kelele, "Mwizi! Mkamateni!" Lakini Bi Aysun, mkuu wa makumbusho, alikuwa amekwisha kukipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Alipanda kwenye ngazi akakiegesha kwenye kifundo cha mkono wa yule bibi. Kilikaa. Hata ufa mmoja haukupita upande. Wazee wa kijiji waliokuwa safu ya mbele, wale wale wa mkahawani, walitazama konokono yule, halafu wakatazama chini. Nilipita nikawaangalia mmoja mmoja usoni. Nilikuwa nimengoja muda mrefu.

Vehbi alimgeukia Behice. "Ulikuwa unanilisha," akasema. "Miezi mitatu unanilisha."

"Ungekufa Februari," Behice akamjibu. "Nani basi angeyasikia haya?"

Mwendesha mashtaka alimhoji siku mbili. Alipomuuliza nani alikificha kiganja, Behice alimwambia, "Yuko makaburini, safu ya tatu, mkamhoji." Faili likafungwa. Mwezi wa saba, hoteli ikiwa imejaa hadi vyumba vya chini ya ngazi, watu wa makumbusho walizungushia utepe mgahawa wa nje wa Bibi wa Komamanga, wakavunja zege kwa mashine kuanzia asubuhi hadi jioni. Vumbi lilitua kwenye kahawa za wageni, nao wakahamia hoteli nyingine. Miguu ilikuwepo, imesimama kwenye kibao chake. Vibibi vya plasta vyenye komamanga viliuzwa kwa kilo kwa fundi wa kujazia mashimo ya barabara.

Wataalamu walitaka kukisafisha kile kiganja kiwe cheupe kama mwili. Behice aliwaambia kikiguswa atakaa mlangoni kwao mpaka afe, na wakamwamini. Mpaka leo yule bibi ana kiganja kimoja cheusi, na kibandiko kinasema: alipatikana na Rasih, kisimani kwake.

Vehbi aliishi hadi vuli. Mara mbili Tuncay alimtuma mpishi kwetu kuomba ile supu, maana mzee alikuwa hali kingine. Mara zote mbili Behice alikuwa jikoni, sufuria iko motoni, harufu ya shamari imejaa uani.

"Mwambie mboga zimekwisha," akasema, akatupakulia sisi wawili.

Zeituni za mwaka ule hazikutoka vizuri. Tuliziwekea tofali, zikalainika.