Meno ya Bijou

Naomie Kalumba alikuja Kolwezi akiwa bibi harusi, na tangu siku hiyo nyumba yake ikapakana na yangu. Mimi Adèle ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo mambo ya mtaa hunijia bila kuyaita. Asubuhi Naomie alikaanga mikate ya mafuta na kuwauzia vijana wanaokwenda kuchimba, mchana alifua, jioni alimsubiri mumewe Ezéchiel, dereva wa lori la madini. Kwao Naomie ni Tenke, baba yake alifanya kazi ya reli. Alikuwa anacheka kwa sauti kubwa, na hiyo ilikuwa kasoro yake ya kwanza machoni pa mama mkwe wake.

Ya pili ilikuwa mtoto. Mimba mbili ziliharibika, kisha kimya. Ezéchiel, wakati ule alipokuwa bado mwanaume, alimnunulia sungura wa kijivu njiani akitoka upande wa Nzilo, ili apate kitu cha kumtoa mawazo. Naomie akamwita Bijou. Kila asubuhi alivuka reli kwenda kukata majani mbali na barabara, kule ambako vumbi jekundu la malori halifiki. Bijou alinenepa, akawa anamfuata mpaka jikoni, na ile sauti ya kicheko tukaisikia tena mtaani.

Halafu Papy, mdogo wake Ezéchiel, akafa. Shimo lilimwangukia msimu wa mvua. Wachimbaji wenzake wote walijua kwamba lile shimo halikuwekwa hata gogo moja la kulizuia. Lakini mama yake, Mama Agnès, hakutaka kusikia habari za magogo. Alihamia kwa Ezéchiel na kilio chake, na kilio kile kilitafuta mtu wa kumwangukia. Mwanamke asiyezaa alikuwa karibu.

Mwanzoni alinong'ona tu. Baadaye alisema hata mbele yangu, nikimpima gauni la matanga.

"Adèle, weye unaona muzuri. Hapa batoto habazaliwe, na benye balizaliwa banakufa. Kuko mutu anabakula."

Nilimwambia ageuke nipime mgongo. Ningemwambia mengine, lakini mama aliyezika mwanawe hajibiwi ovyo.

Jikoni Mama Agnès alichukua kila kitu mikononi mwake: sufuria, makaa, chumvi, hata sungura. Majani aliyakataza. Alisema mwanamke wa namna ile huenda anakata majani makaburini, nani anajua. Tena yalimtia aibu mbele ya wageni.

"Mu nyumba ya mutoto wangu, munyama hakule majani sawa mbuzi ya njiani. Atakula chakula ya batu."

Basi Bijou akawa anakula bukari, yaani ugali, laini, na mkate uliolowekwa katika chai ya maziwa. Mama Agnès alimlisha kwa mkono wake mwenyewe, na nikiri, alimlisha kwa upendo. Ndiyo maana baadaye hakuna aliyeweza kumlaumu Mama Agnès.

Miezi ikapita, Bijou akaanza kukonda. Ilikuwa ghafla, kama mtu aliyepata habari mbaya. Alikimbilia sahani, akachukua tonge, akaliangusha. Kidevu chake kililowa mate mpaka manyoya yakanyonyoka. Ukimbeba ulishika mbavu. Mama Agnès alimtoa nje, akamwonyesha kila aliyepita.

"Angalieni! Alimaliza batu, sasa anaingia ku banyama."

Akaita kikao cha ukoo kwa Jumapili. Sote tulijua kikao hicho ni cha nini. Wangemrudisha Naomie kwao, na si kama mke aliyeshindwana na mumewe, bali kama mchawi. Mwanamke aliyerudishwa kwa jina hilo, hata huko Tenke nani angenunua mikate yake?

Ijumaa Mama Agnès alipokwenda kanisani, Naomie, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa, alinijia na kikapu kilichofunikwa kitenge.

"Yaya Adèle, tuende kwa Tata Kanku. Kama ni mi njo namukula, anambie."

Tata Kanku ni mzee anayekagua nyama sokoni na kutibu mbuzi wa watu. Alicheka alipoona ni sungura. Alipomfungua mdomo kwa mpini wa kijiko aliacha kucheka, akatuita tuone. Meno ya mbele yalikuwa marefu, yamejikunja kuelekea ndani. Huko nyuma jino moja lilikuwa na ncha kali, na ulimi ulikuwa na kidonda.

"Mama, hapa hakuna bulozi. Meno ya sungura inaota siku yote. Ni majani njo inaisagaka. Banamupa nini?"

"Bukari," Naomie akajibu. "Na mukate ya kulowesha."

"Njo ile. Iko na njaa, lakini mudomo inamukatalia."

Akakata meno ya mbele kwa kijisumeno chembamba, akaisugua ile ncha kwa tupa, mimi nimeshika miguu na Naomie ameshika kichwa. Bijou alilia mara moja tu. Naomie aliokota vile vipande vya meno, akavifunga katika leso. Njiani, juu ya pikipiki, alicheka. Alidhani amepona. Mimi pia nilidhani hivyo, mjinga mimi.

Jumapili alifungua leso mbele ya wazee. Akaeleza yote kwa heshima, bila kumtaja mama mkwe kwa kosa lolote. Alisema tu "chakula laini". Mimi nilithibitisha. Mzee mmoja aliinama kutazama, akatikisa kichwa, na kwa muda nikaona jambo linageuka. Ndipo Mama Agnès akanyanyuka.

"Meno, meno! Na ile meno, nani aliituma?"

Mzee aliyeinama akarudi nyuma. Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Naomie alimtazama mumewe. Ezéchiel alikuwa anatazama simu yake, na simu yenyewe ilikuwa imezimwa.

"Naomie," akasema bila kuinua macho, "wende kwanza Tenke kwa tata yako, upumuzike kidogo."

Aliondoka kesho yake na begi moja. Bijou walimkatalia, kwa kuwa alinunuliwa kwa pesa ya Ezéchiel. Naomie alinishika mkono akaniomba kitu kimoja: majani.

Kizimba cha Bijou kiko nyuma, kimeegemea ukuta wangu, na bati la chini limetoboka. Kila alfajiri nikaingiza majani pale. Bijou alinona upesi. Akarudisha manyoya, akarudisha mashavu. Nami nikiwa nashona nikasikia Mama Agnès akimwambia mgeni, kwa furaha kabisa:

"Ona sasa! Tangu ule mwanamuke alitoka, hata sungura ananona."

Sindano ilinichoma kidole. Mtaa mzima ukalipokea neno lile, hata waliokuwa bado wanasita. Nilikwenda nikamweleza mama yule kwamba sungura hunona kwa majani, bila kusema kwamba namlisha mimi, akaniambia nirudi kwenye nguo zangu.

Sasa Ezéchiel ameoa tena, msichana anayeitwa Jémima. Ni mpole, anatembea kama mgeni katika nyumba yake. Nilimwambia siri ya majani. Alinisikiliza vizuri, lakini anaogopa kuonekana na majani mkononi, na simlaumu.

Juzi nilimpigia Naomie simu nikiwa na hasira.

"Naacha ile majani. Akikonda tena, bote bataona haikukuwa weye."

Naomie akaniuliza:

"Ule bibi mupya iko na mimba?"

"Bado."

"Basi, yaya, usiache. Akikonda, batasema ni ule bibi anamukula."

Leo alfajiri nilivuka reli nikakata majani. Nilipokuwa nayaingiza chini ya bati, Mama Agnès alitoka kufagia, akamsifu Bijou kwa unene wake, akalitaja jina la Naomie na kutema mate. Nilijibana ukutani nikasubiri apite. Kisha nikaingiza majani yaliyobaki.