Maige na Land Rover Mbili

Maige alijifunzia udereva kwenye Land Rover ya petroli ya miaka ya sitini, iliyowashwa kwa hendeli na kusimama ilipojisikia. Aliiendesha hadi mvi zikamjaa, akimfanyia kazi Mama Festo, mnunuzi wa dhahabu pale Kharumwa. Mama huyo aliponunua Defender, Land Rover ya dizeli ya miaka ya tisini, Maige aliipokea kama mke mkubwa anavyompokea mke mdogo: kwa heshima zote, bila kugusa chakula chake.

Alasiri moja ya masika binti yake Noela akashikwa uchungu, na mtoto akakaa vibaya tumboni. Muuguzi wa zahanati hakuzungusha maneno. "Geita, sasa hivi. Hapa mtawapoteza wote wawili."

"Nalileta lile letu," Maige alisema.

"Lile breki zake ni za kumwomba Mungu," alijibu Mama Festo, akamtupia ufunguo wa Defender na kupanda nyuma na mgonjwa. "Leo si siku ya mapenzi ya zamani, Baba Noela."

Mto wa njiani waliukuta mwekundu, unapanda. Maige akazima injini, akashuka, akafungua boneti. Ndiyo ilikuwa kanuni yake: kabla ya kuingia majini toa mkanda wa feni, maana feni hurusha maji kwenye plagi, cheche zikafa, gari likalala katikati. Kanuni hiyo ilikuwa imevusha mapadri, maiti na marobota ya pamba.

"Unatafuta nini huko?" Mama Festo aliuliza kutoka nyuma.

"Mkanda. Feni isirushie maji plagi."

"Plagi zipi? Hii si dizeli, isiyo na cheche?"

Alijua. Alijua kama mtu anavyojua kwamba malaika wapo. Hakuwahi kuvuka nao mto. Akaendelea kupapasa. Mkanda wenyewe ulikuwa mpana, umezunguka mapuli mengi kuliko spana alizokuwa nazo. Jiwe aliloliona ukingoni wakati wa kufika lilikuwa limeshazama. Na Noela alikuwa ameacha kulia, jambo lililomtisha kuliko mto.

"Baba, twende tu."

"Ng'wanawane, mwanangu, likizima je?"

"Si tutakuwa wote?"

Akafunga boneti, akaingia. Maji yakapita chini ya milango, yakamlowesha miguu. Mama Festo akaanza Salamu Maria, akasahau katikati, akaanza upya. Maige alikuwa akisubiri kile kikohozi alichokifahamu, kinachokuja penye kina. Hakikuja. Injini ilinguruma vilevile, bila adabu, hadi matairi yakauma mchanga wa ng'ambo.

Hapo akakanyaga breki ili ashuke kukausha. Kukausha nini, hakujua.

"Baba Noela!"

"Naenda, naenda."

Geita walimpasua Noela mara moja. Mtoto wa kike, mzima, mama mzima. "Mngechelewa kidogo tu," alisema daktari, asimalizie.

Maige akatoka nje, akaketi kwenye bampa la Defender. Ule muda wa boneti aliupima mara mbili tatu ndani ya hicho "kidogo", na kila mara uliingia kwa shida.

"Haya, sema sasa," Mama Festo alimchokoza. "Lipi gari?"

"Lile la zamani ndilo gari," alisema Maige. "Ila nalo tungekuwa bado mtoni."